Kicheko Tulichokiita Bawaba

Jumatatu, 8 Septemba

Jirani mpya wa ghorofa ya chini kaniuliza leo nafanya kazi gani. Nikasema televisheni. Macho yakamng'aa. Unasoma habari? Hapana, natia vicheko. Macho yakazimika. Basi ndiyo hivyo — umri huu, tumbo hili, sharubu hizi ambazo mke wangu anaziita ufagio, na kazi yangu ni kuwaonyesha watu wacheke wapi.

Zamani watazamaji walikuja studio wakakaa kwenye viti, wakacheka wenyewe. Viti vimeshauzwa. Vicheko vyao vimebaki kwenye kompyuta yangu, kila kimoja na jina lake. Kuna Kikohozi. Kuna Kuku. Kuna Mwalimu Mkuu, anayecheka kwa pua kama mtu anayeogopa kushushwa cheo. Na kuna Bawaba.

Bawaba ni kicheko cha mdogo wangu. Alikuja siku moja ya mapumziko, amevaa gauni lake la kutokea, akakaa mbele kabisa. Kinaanza na mlio mwembamba, kama mlango wenye kutu. Halafu mlango unafunguka wote, na ndani humo kumbe kuna sherehe! Sijasikia kingine kama hicho. Nakibania. Nakitoa mahali panapostahili tu.

Wiki hii pamepatikana. Mwandishi wetu — binti mfupi, ulimi wembe — kamwandikia Bosi Mizani onyesho zuri kuliko yote. Mizani ndiye mhusika wetu mbaya, kero ya watu, bwana mwenye nyumba anayepima sukari kabla ya kwenda kazini na kuipima tena akirudi. Safari hii maziwa yamepungua. Anamwita msaidizi wa ndani. "Fungua mdomo nikunuse!" Msichana anafungua. Kisha anasema, bila kulia, bila kupaza sauti: "Sijaonja kitu tangu asubuhi, bosi." Kimya. Kamera inapanda polepole mpaka usoni kwa Mizani. Na pale kwenye sharubu zake — maziwa! Meupe pe! Hapo ndipo Bawaba anaingia.

Ukimya ule ndio kila kitu. Ukicheka kabla yake, unamcheka mwenye njaa. Ukicheka baada yake, unamcheka mwizi. Katikati ni pumzi mbili tu.

Mdogo wangu naye ni msaidizi wa ndani, tangu ujana wake. Nikampigia simu: Ijumaa usikose, kuna zawadi yako. Akasema, zawadi gani kaka, mmeninunulia kiti? Nikamwambia, we tazama tu.

Jumatano, 10 Septemba

Wamekuja wafadhili wapya wa kipindi. Wanauza maziwa. Kila mtu kapewa pakiti. Yangu nimeimaliza hapo hapo, nimesimama. Mkurugenzi wa vipindi akawaonyesha onyesho letu. Huyu kijana ananiita "mzee wangu" kwa adabu mpaka huwa najipapasa nione kama bado nina pochi. Wafadhili hawakucheka hata kidogo. Nikajisemea, wauza maziwa hao, watajua nini utani. Nikaenda zangu nyumbani.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamelikata!

Tumekaa, mke wangu na mimi, miguu juu ya kigoda. Onyesho linaanza. Fungua mdomo nikunuse. Msichana anafungua. "Sijaonja kitu tangu asubuhi, bosi" — na papo hapo, neno la mwisho halijatoka vizuri, Bawaba! Kicheko chote, mlango wazi, sherehe nzima! Halafu tangazo. Mtoto anakunywa maziwa.

Sharubu hazipo. Ukimya haupo. Wameikata picha, wakakiacha kicheko, kikateleza kurudi nyuma kama gari lisilo na breki, kikamgonga yule msichana.

Mke wangu akanigeukia. Mbona mmemcheka mwenye njaa? Nikasema si sisi. Akasema, hicho si kicheko cha wifi yangu?

Nimempigia mdogo wangu. Simu inaita, haipokelewi. Labda analaza watoto wa watu. Nimempigia Mkurugenzi. Naye hapokei — huyu halazi mtoto wa mtu yeyote.

Naandika kwa hasira mpaka mwandiko umekuwa wa daktari.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeenda kunyoa. Kinyozi ana runinga ukutani na mteja ana simu, na vyote viwili vinapiga kelele moja: Fungua mdomo nikunuse! Wanacheka. Kinyozi naye anamwambia mteja, fungua mdomo! Mteja anafungua. Wanacheka tena. Nikawauliza kwa upole — mimi huwa mpole wembe ukiwa shingoni — kinachochekesha ni nini hasa? Kinyozi akashangaa. Si huyo dada, mzee! Eti hajaonja kitu! Wanavyojua kudanganya hao!

Wanavyojua kudanganya hao. Mwandishi kahangaika mwezi mzima. Mwigizaji kakaa kwenye taa mpaka vipodozi vikamtiririka. Mhusika mbaya tukamchonga hivi na hivi, tukampa mizani, tukampa kila ubaya tulioujua na mwingine tukaazima kwa majirani, ili mtu akae nyumbani kwake aone, aone haya. Na mtu kaona. Kaona kwamba msichana ni mwongo! Kisa ni pumzi mbili.

Nimelipa nusu ya kichwa. Nusu nyingine nikasema atamalizia siku nyingine. Mke wangu kacheka sana. Hicho nacho sikukipanga mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Kikao. Mkurugenzi kaanza kwa kupongeza. Kipindi hakijawahi kutazamwa namna hii. Watu wanajipiga video, wanawafungulisha midomo wasaidizi wao, wanaweka kicheko chetu chini yake. Akamwita Mwandishi "fahari yetu". Mwandishi akamwuliza, ukimya wangu uko wapi? Mkurugenzi akasema mfadhili hawezi kuvumilia maziwa yake yaonekane mdomoni mwa mtu mbaya. Akasema pia kwamba ukimya hauuzi. Akasema hivyo! Mbele ya watu wazima!

Mwandishi akasimama. Nilimwandika Mizani ili mtu amtambue jirani yake, alisema. Ninyi mmemfanya mtu ajitambue mwenyewe na ajipigie makofi.

Mkurugenzi akasema, dada, watu wamecheka, na kazi ya vichekesho ni kucheka. Nikaropoka mimi: wamecheka nini? Akanigeukia na tabasamu lake la kuvunjia mayai. "Mzee wangu, wewe tena? Kicheko si chako? Kimekuwa maarufu kuliko Bosi Mizani mwenyewe!"

Ndio tabu yangu: nina jibu zuri kila siku, linafika nikiwa ngazini.

Mwigizaji anayecheza Mizani hakufungua kinywa kikao chote. Mtu mpole, hawezi hata kumfukuza nzi bila kumwomba radhi. Tulipotoka akanivuta pembeni. Jumamosi sokoni, bwana mmoja alimkumbatia, machozi yanamlengalenga: bosi, umetusemea! Tulikuwa tunaona aibu kuwakagua hawa watu, sasa tunawakagua hadharani! Kisha akatoa mfukoni mzani mdogo wa jikoni. Anataka autie saini.

Nikamwuliza, ukafanyaje?

Akaangalia viatu vyake. Nimeutia, kaka. Alikuwa ameleta na kalamu.

Jumanne, 16 Septemba

Mdogo wangu bado hapokei. Mke wangu anasema niache kupiga, atakuja. Mimi nimepiga tena. Ukiona mtu wa makamo anabonyeza simu kila baada ya dakika, ama ana mchepuko ama ana dhambi. Kwa tumbo hili, majirani wamejua ni dhambi.

Jumatano, 17 Septemba

Kaja. Asubuhi kabla sijatoka. Kakataa kiti, kakataa chai. Mke wangu akajifanya ana nguo za kuanika.

Kasema hivi. Ijumaa alitazama jikoni, kwenye simu, na msaidizi wa nyumba ya pili, beki mwenzake, maana alimwambia: kaka yangu kanitengea zawadi. Akaisikia hiyo zawadi. Beki mwenzake hakujua ni kicheko cha nani. Akasema tu, mwanamke huyu anayecheka hivi, Mungu anamwona.

Mdogo wangu akarudi kuosha vyombo.

Jumapili mwenye nyumba wake akapata wageni. Mwenye nyumba si mtu mbaya, kasema mdogo wangu. Hajawahi kumdhulumu. Hata sikukuu humnunulia nguo. Wageni wanatazama simu, wanacheka, mwenye nyumba akamwita: dada, hebu njoo. Fungua mdomo! Yeye akadhani labda ameona kitu kwenye meno. Akafungua. Mgeni mmoja akainama akamnusa. Na simu iko mezani, inaendelea.

"Nikajisikia mimi nacheka, kaka. Mdomo wangu uko wazi, sisemi kitu, na mimi huyo huyo nacheka mezani. Najicheka."

Nilitaka kumweleza. Sharubu, maziwa, mfadhili, pumzi mbili. Nikaanza kabisa: unajua, mwanzoni kulikuwa na ukimya — akanikata. Kaka, mimi sijui mwanzoni. Mimi najua nilichosikia. Kitoe kicheko changu.

Nikasema kiko kwenye kompyuta ya kituo, ni jambo la taratibu. Nikatania — ee Mola, kwa nini huwa natania? — nikasema, hata hivyo umekuwa maarufu, utanidai nikutafutie mlinzi. Hakucheka. Mimi, fundi wa vicheko! Alinitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua, akipima kama inafaa kusuguliwa au itupwe.

"Kitoe, kaka. Usipokitoa, usiniite mdogo wako."

Akaondoka. Chai yake ilibaki pale ikaweka utando juu. Nikainywa mimi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kwa Mkurugenzi na hoja zangu nimezipanga njiani, safari hii zote, mpaka za ngazini. Nikamwambia, Bawaba ni mtu. Ni mdogo wangu. Anataka kicheko chake.

Alisikiliza vizuri sana. Hata kompyuta aliifunga. Akaniambia pole. Akaniambia familia ni muhimu. Akaniambia kwamba siku zile za watazamaji kulikuwa na bango mlangoni: sauti ya kila aingiaye ni mali ya kituo. Nikasema bango lilikuwa mgongoni mwa mlango na mlango ulikuwa wazi siku nzima, nani angelisoma, popo? Akasema, basi mlango ndio wa kulaumiwa, mzee wangu.

Mlango!

Halafu akaniagiza kazi. Kesho kipindi kipya. Mizani anamkagua msaidizi mdomo mara tatu, maana watu wameomba. Mwandishi kakataa kuandika, kwa hiyo kaandika Mkurugenzi mwenyewe. Mara zote tatu anataka Bawaba. Kingine asikisikie! Kimfikie kimekamilika kabla ya saa kumi.

Nikasema sawa.

Nilisema sawa! Mdomo huu! Huyu Mizani tunamtafuta kwenye nyumba za watu kwa taa na kamera, kumbe wapo wengine hapa hapa, wanasema sawa, wanapita korido wakiwasalimia wafagizi kwa bashasha.

Mke wangu kauliza, ukikifuta itakuwaje? Nikasema, nakifuta, kesho yake sina kazi. Akaniongezea mboga. Kisha akasema, na usipokifuta?

Nikamjibu kwamba chumvi imezidi kwenye mboga. Haikuwa imezidi.

Ila nimekumbuka kitu. Ile picha nzima, yenye ukimya na sharubu, bado ninayo. Wao walikata nakala ya kurushwa; yangu haijaguswa. Mdogo wangu hajawahi kuiona. Hajui kicheko chake nilikiweka wapi. Nimemtumia ujumbe mrefu kama hotuba ya harusi. Njoo kesho studio uone kwanza. Ukishaona, ukisema nifute, nafuta hapo hapo, mbele yako, na kazi iende.

Kajibu neno moja. Nakuja.

Ijumaa, 19 Septemba

Asubuhi. Kachelewa. Nimekunywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa kwa wasiwasi, na cha pili kwa sababu cha kwanza kimekwisha.

Saa nane. Kafika. Kamuaga mwenye nyumba kwamba anakwenda kuangaliwa meno. Si alitaka kujua mdomo wangu, kasema. Ni utani wa kwanza tangu aje Jumatano, na aliusema bila kunitazama, lakini nimeudaka kama mpira. Nimemkalisha chumba cha kurekodia, upande wa pili wa kioo, maana ndiko kuliko kiti cha maana na skrini kubwa. Nimemwonyesha kwenye skrini hiyo kicheko chake kutoka kompyuta yangu: mstari wenye vilima. "Ndiyo mimi huyo?" Ndiyo wewe. "Nimenenepa."

Nikamwekea picha nzima. Bila kicheko. Bila chochote.

Saa tisa. Lazima niandike upesi na lazima nisiinue kichwa. Mkurugenzi amesimama nyuma yangu. Nimemwambia subiri kidogo, naandika taarifa ya kazi. Ndiyo hii. Hajui kusoma mwandiko wangu, na hapa kwa mara ya kwanza nauombea dua mwandiko wangu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alitazama. Fungua mdomo nikunuse — akakunja mikono. Sijaonja kitu tangu asubuhi — akainamisha kichwa. Ukimya ukaja, pumzi moja, pumzi mbili. Akainua kichwa akaziona sharubu za Mizani. Hakucheka. Akatikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba aliyowahi kupanga. Nikajua basi. Nimeeleweka na haikusaidia. Nikanyanyua kikombe nimalizie chai, ili nipate pa kuficha uso.

Nilipokishusha alikuwa ananitazama kupitia kioo. Na akacheka.

Si Bawaba! Hakikuwa na kutu, hakikuwa na mlio mwembamba wa kuanzia. Kilitoka chini, kizito, kikapanda, kikakaa. Kicheko cha mwanamke mtu mzima aliyenyamaza muda mrefu na sasa hamwogopi mtu. Spika zikatetemeka. Mimi nikaanza kucheka bila kujua nacheka nini — kwa raha tu, kwamba kacheka, kwamba nimesamehewa!

Mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi. Alikuwa anapita korido. Uso umemwiva.

"Hicho! Mzee wangu, hicho hicho! Umekirekodi?"

Nikatazama. Taa nyekundu inawaka. Mtu akikaa mbele ya kipaza sauti, kidole changu kinabonyeza chenyewe. Kina mazoea kuliko mimi. Kila kitu kimeingia. Mstari mpya, vilima virefu kuliko vya kwanza.

Sasa ananiambia, taratibu, mkono begani kwangu: tufanye kiungwana. Kile cha zamani futa, ukitaka. Futa sasa hivi, sikukatazi, dada yako apate amani. Na wewe usipoteze kazi yako bure. Nipe hiki kipya tu. Hata jina nitakuachia wewe ukichagulie.

Mdogo wangu hasikii haya. Kioo ni kinene, na yeye kutusikia ni mpaka mimi nibonyeze. Yeye tu ndiye anayesikika huku. Anamwona Mkurugenzi, anaona mkono begani kwangu, anaona kalamu yangu inakwenda. Kaacha kucheka. Anasogea kwenye kipaza sauti. Anagusa juu ya mdomo wake wa juu, ananionyesha kidole.

"Kaka," spika zinasema, "jipanguse sharubu. Umejaa maziwa."

Nimegusa. Kweli.

Mkurugenzi anauliza tena, mzee wangu, tumeelewana? Taa bado nyekundu. Vidole vimelowa na kitufe cha kufuta kiko hapa